Kunata, Kushikana na Kuganda

Mkulima wa Makurunge, huko Bagamoyo, akijikata kwa panga, husema baadaye kuwa damu "imeganda". Neno hilo moja lamtosha. Mtafsiri wa maandishi ya utabibu halimtoshi, na historia ya chembe sahani yaonyesha sababu.

Mwaka 1882 Giulio Bizzozero wa Italia alieleza kazi ya chembe hizi, akaziita kwa umbo lake, yaani vibamba. Wajerumani na Waingereza walifuata njia hiyo hiyo, nasi tukapata "chembe sahani". Wako wapendeleao "vigandisha damu". Jina la kwanza lataja umbo tu; la pili lataja kazi, na kwa maoni yetu ndilo lipotoshalo zaidi.

Mwaka 1918 Eduard Glanzmann, daktari wa watoto wa Uswisi, alieleza ugonjwa wa kurithi ambao chembe sahani zilitimia kwa idadi, lakini wagonjwa walitokwa na damu mno. Leo yajulikana kwamba chembe hizo huzipokea ishara za jeraha na hunata kwenye ukuta wa mshipa, ila zimekosa protini ya kuzishikanisha zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 1948 Jean Bernard na Jean-Pierre Soulier wa Ufaransa walieleza ugonjwa mwingine, karibu kinyume chake: chembe ni chache na kubwa kupita kiasi, zaweza kushikana, bali hazinati ukutani ipasavyo. Maabara huitambua tofauti hiyo. Zikitiwa dawa iitwayo ristosetini, chembe za Glanzmann hukusanyika, za Bernard na Soulier hazikusanyiki. Zikipewa ishara ya ADP, mambo hugeuka. Hemofilia ni jambo la tatu: chembe ni nzima, lakini protini za majimaji ya damu zina upungufu, na damu huchelewa kuganda.

Basi maneno tunayo, tena ya kila siku: kunata, kushikana, kuganda. Yafaa kila moja lipewe kazi yake, wala mtafsiri asiyabadilishe kwa kutafuta ladha ya sentensi. Tumfikirie mzazi wa Makurunge ambaye mwanawe ana ugonjwa wa Glanzmann, naye amesoma katika karatasi kuwa "vigandisha damu" vya mtoto vimehesabiwa na vimetimia. Siku ya kumpeleka kung'olewa jino, ataona hana la kumwambia mganga.