Pete ya kaboni sita ni ya nani?

Nasoma kemia, na jamaa zangu wengi wanaamini kemia haisemeki kwa Kiswahili. Basi leo tuongee kuhusu mmenyuko mmoja, Diels-Alder, ambao wenyewe walijaribu kuuwekea uzio.

Mwaka 1928, katika Chuo Kikuu cha Kiel, Ujerumani, profesa Otto Diels na aliyekuwa mwanafunzi wake, Kurt Alder, walitoa makala kuhusu molekuli mbili zinazoungana. Moja ina kaboni nne zilizofuatana, nyingine inachangia mbili. Zikikutana ncha kwa ncha, vifungo viwili vipya vinafunga kwa mpigo mmoja, na unapata pete ya kaboni sita. Hakuna atomi inayotupwa, na mara nyingi unahitaji joto tu. Pete kama hizo zimejaa kwenye homoni na dawa, kwa hiyo kwa mkemia hii ni neema kubwa.

Wenyewe waliliona hilo mapema. Ndani ya makala ileile waliandika waziwazi kwamba kutumia mmenyuko huu kuunda vitu vya asili ni haki yao. Yaani, wengine wakae pembeni!

Uzio haukudumu. Vita vilimchukulia Diels watoto wawili wa kiume, na mabomu yakaharibu taasisi yake. Tuzo ya Nobel waliipata 1950. Miaka hiyohiyo Robert Woodward, wa Harvard kule Marekani, alianza na mmenyuko wao kujenga kolesteroli, na kufikia 1956 akawa amejenga reserpini, dawa ya presha iliyokuwa ikitolewa kwenye mizizi ya mmea wa India.

Ikabaki shida moja. Molekuli nyingi zina maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na mwilini huenda likafaa moja tu. Vichocheo vya metali vilisaidia kuchagua umbo, ila vingi havivumilii unyevu wala hewa. Mwaka 2000 David MacMillan, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma kutoka Scotland, alikuwa Berkeley, California. Alionyesha kwamba molekuli ndogo isiyo na metali inaweza kazi hiyo. Alithibitisha kwa mmenyuko gani? Diels-Alder. Mwaka 2021 akapata Nobel pamoja na Benjamin List.

Halafu kuna hii, ambayo ndiyo naipenda zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa China, wakiongozwa na Lei Xiaoguang, walitangaza kimeng'enya cha mforosadi kinachounganisha molekuli mbili kwa njia hiyohiyo. Ndiyo, mforosadi, ule wa matunda yanayotia rangi vidole! Kumbe mti ulikuwa kazini siku zote, bila makala wala tuzo.

Mimi naona jina libaki la Diels na Alder. Wapo waliouona mmenyuko huu kabla yao. Wao ndio walioueleza ukaeleweka. Lakini kueleza kitu hakukupi hati ya kukimiliki. Na nyinyi mnaoambiwa Kiswahili chenu hakitoshi kwa mambo kama haya, mmesoma mpaka hapa na mmeelewa. Kesho mwelezeni mtu nyumbani, kwa maneno yenu.