Sabuni ndani ya maji yanayochemka: nini hutokea?

Katika eneo la Buterere, kaskazini mwa Bujumbura, yapo mabwawa ya kusafishia majitaka ya jiji hilo la Burundi. Miongoni mwa vinavyofika humo ni sabuni za kufulia na za kuoshea vyombo. Kemikali zinazozipa sabuni nguvu huitwa safaktanti, na kazi yake si kuondoa mafuta pekee: hubadilisha pia namna maji yanavyochemka.

Molekuli ya safaktanti ina ncha mbili, moja hupenda maji na nyingine huyakwepa. Ndiyo maana molekuli hizo hukusanyika pale maji yanapokutana na hewa au mvuke, zikalegeza mvutano wa uso wa maji. Katika nyuzi joto 20 za Selsiasi mvutano huo ni takriban milinyutoni 73 kwa mita. Sabuni huweza kuushusha hadi kati ya 30 na 40.

Bujumbura iko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka huko yanapofika nyuzi 97 hivi. Viputo huzaliwa kwenye mikwaruzo ya sufuria, mingine ikiwa na upana wa mikromita chache tu, ambamo hewa au mvuke kidogo umenaswa. Mvutano ukilegea, kiputo hubanduka kikiwa bado kidogo na kingine hufuata upesi. Joto huhama haraka zaidi kutoka kwenye chuma kwenda kwenye maji.

Faida hiyo ina kikomo. Safaktanti zikizidi, molekuli hujifunga katika vikundi viitwavyo miseli. Mvutano haushuki tena, ilhali povu huongezeka. Muda nao una uzito: uso wa kiputo huumbika kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na molekuli kubwa huchelewa kuufikia.

Katika mifereji isiyofika milimita moja inayopoozea vifaa vya kielektroniki, kiputo kimoja chaweza kuziba njia nzima. Viputo vidogo husaidia. Povu jingi laweza kuacha ukuta mkavu, na kifaa kikaungua.

Kwa anayechemsha maji ya kunywa, moto huua vijidudu lakini hauondoi sabuni. Mvuke ukitoka, sabuni hubaki chunguni, tena kwa ukolezo mkubwa zaidi. Katika mabwawa kama ya Buterere, kazi ya kuivunjavunja ni ya bakteria, nayo huenda taratibu.