Kutoka "Mawe" ya Redio hadi Chaji ya Haraka: Betri ya Simu katika Historia ya Bujumbura

Katika makala haya tunakusudia kufuatilia historia ya kifaa ambacho tunakishika kila siku na ambacho hatukiandikii: betri ya simu ya mkononi. Kwa muda mrefu betri hiyo ilichomolewa kwa ukucha wa kidole gumba. Leo, katika simu nyingi za mguso, imefungiwa ndani kwa gundi, na watengenezaji wametupa kitu kingine mahali pake, yaani chaji ya haraka. Mabadilishano haya huelezwa kwa kawaida kama maendeleo ya kiufundi. Kwa mji kama Bujumbura, ambako umeme huja na kuondoka, tunaona kwamba yana historia ya aina nyingine, na sehemu ya historia hiyo imo katika msamiati wetu.

Tuanze kabla ya simu. Katika Kirundi betri kavu za redio na tochi huitwa amabuye, yaani mawe, na wasomaji wetu wa Kenya na Tanzania watakumbuka kwamba hata kwao husikika "mawe ya tochi". Redio zilikuwa nguzo ya maisha ya mji huu, hasa katika miaka ya vita iliyoanza 1993, wakati habari ya usalama wa barabara au ya amri ya kutotoka nje ilisubiriwa kwa hamu kubwa. Studio Ijambo ilianza 1995, na Radio Publique Africaine ikafuata 2001. Kusikiliza kulihitaji mawe. Yalipochoka yaliondolewa, yakaanikwa juani ili yatoe nguvu ya mwisho, kisha yakanunuliwa mengine. Ni muhimu kulizingatia hilo: kabla ya kushika simu, watu walikwisha kuzoea kwamba chombo ni kitu kimoja na nguvu yake ni kitu kingine, na kwamba nguvu inaweza kununuliwa, kuazimwa na kubebwa mfukoni.

Simu za mkononi zilifika Burundi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupitia kampuni ya Telecel, lakini zilikuwa za wachache. Zilisambaa katika muongo uliofuata, pamoja na simu kama Nokia 3310 ya mwaka 2000 na hasa Nokia 1100 iliyotoka 2003. Simu hii ya pili, yenye tochi kichwani, iliuzwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani. Mtengenezaji alidai kwamba ingeweza kukaa hadi saa 400 ikisubiri kupigiwa. Ndani yake mlikuwa na betri bapa iitwayo BL-5C, yenye miliampea-saa 850. Umbo la betri hiyo liliigwa na viwanda vingi vya China, hata likaingia katika simu za kampuni nyingine, katika redio ndogo na katika spika za mkononi. Bila azimio lolote la kimataifa, betri hiyo ikawa kama kipimo cha pamoja. Mtu aliweza kuitoa katika simu akaitia katika redio, na mambo yakaendelea.

Sambamba nayo ilikuja chaja ndogo yenye meno mawili yanayosogezwa ili yaguse ncha za betri yoyote ile. Tanzania waliiita kobe, jina linalostahili sifa kwa ubunifu wake, maana betri hubanwa chini ya gamba. Thamani ya kobe haikuwa katika kasi, kwa kuwa ilikuwa polepole sana. Thamani yake ilikuwa kwamba simu haikulazimika kukaa kwenye kibanda cha kuchajia. Aliyeacha kibandani aliacha betri tu. Simu, kadi yake na majina yote yaliyohifadhiwa humo vilibaki kwa mwenyewe. Mwenye betri mbili aliweza kuacha moja na kuendelea na nyingine. Mwanafunzi wa Kampasi ya Mutanga aliyekuwa anakwenda likizo kijijini, ambako hakuna nguzo ya umeme, alibeba umeme wa mjini ukiwa ndani ya bahasha.

Hapa inafaa tugusie umeme wenyewe. Burundi hutegemea zaidi maporomoko ya maji. Bwawa la Rwegura, lenye uwezo wa megawati 18, lilianza kazi 1986, na kituo cha Ruzizi II, kinachomilikiwa kwa pamoja na Burundi, Rwanda na Kongo, kikafuata 1989. Baada ya hapo nchi iliingia katika vikwazo vya kiuchumi vya majirani kuanzia 1996 hadi 1999 na katika vita, ilhali mji ulizidi kukua. Maji yakipungua wakati wa kiangazi, umeme hugawanywa kwa zamu, mtaa huu leo na mtaa ule kesho. Miradi mipya imeongezwa, ukiwamo mtambo wa jua wa Mubuga mkoani Gitega wa megawati 7.5, uliozinduliwa 2021, lakini Warundi wengi bado hawajaunganishwa na gridi.

Katika hali hiyo ndipo simu zilizofungwa zilipoingia. Simu ya kwanza ya iPhone, mwaka 2007, haikuwa na mfuniko wa kufungua. Wengi waliiona kama kiburi cha kampuni moja, lakini wengine walifuata mmoja baada ya mwingine. Samsung, ambayo Galaxy S5 yake ya 2014 ilikuwa bado na betri ya kuchomoa, iliifunga Galaxy S6 mwaka 2015, na ikaitangaza pamoja na uwezo wa kuchaji haraka. Sababu walizotoa zilikuwa za kweli kwa kiasi: simu nyembamba zaidi, kinga dhidi ya maji, betri kubwa zaidi katika nafasi ileile. Teknolojia ya kuchaji haraka ilikuwa tayari inakomaa. Qualcomm ilitoa toleo lake la kwanza 2013, na OPPO ikatoa lake 2014. Badala ya wati mbili na nusu za waya wa kawaida wa USB wa zamani, simu ikaanza kupokea wati 10, kisha 18, na baadaye mara nyingi ya hapo. Kasi hiyo lakini haiendi mpaka mwisho. Betri ya lithiamu hupokea mkondo mkubwa ikiwa tupu, na inapokaribia kujaa simu yenyewe hupunguza mkondo ili kuzuia joto lisiiharibu.

Ni haki tukiri kwamba kasi ina manufaa hapa kwetu. Umeme ukirudi kwa saa moja tu, simu inayojaa hadi nusu katika nusu saa ni neema. Hata hivyo neema hiyo inahitaji umeme uwepo, tena wenye nguvu ya kutosha. Betri ya miliampea-saa 5000 hubeba takriban wati-saa 19, mara sita ya ile ya Nokia 1100. Paneli ndogo ya jua ya wati 10 itahitaji karibu saa mbili za jua kali kuijaza, hata tukijifanya kwamba hakuna kinachopotea njiani, na chaja ya wati 60 haitaibadilisha paneli hiyo hata kidogo. Ile BL-5C ingejaa kwa jua la asubuhi. Chaji ya haraka inajibu swali la mtu mwenye umeme na asiye na muda. Betri ya kuchomoa ilijibu swali la mtu ambaye umeme wake uko mahali pengine. Haya ni maswali mawili, na jibu la moja limeuzwa kama jibu la yote mawili.

Tofauti nyingine ilijitokeza katika hatari. Mwezi Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata joto kupita kiasi zinapochajiwa. Dawa ilikuwa rahisi: betri ibadilishwe, simu ibaki. Mwaka 2016 Samsung ilipopata tatizo la moto katika Galaxy Note 7, ilibidi simu zenyewe zirudishwe, takriban milioni 2.5 katika wito wa kwanza, na mwezi Oktoba mwaka huohuo toleo zima likaachwa. Hatusemi kwamba betri za kuchomoa zilikuwa salama zaidi. Masoko yetu yalijaa betri bandia, na wengi tunakumbuka kipimo cha mtaani: unailaza betri mezani na kuizungusha, ikizunguka kama pia, imevimba, itupe.

Pamoja na hayo, kilichokuwa ndani ya simu kimebadilika pia. Tangu Lumitel ilipoanza huduma zake nchini Machi 2015 na kuleta Lumicash, simu imekuwa pochi. Kumwachia mtu wa kibandani simu nzima kwa saa tatu si sawa na kumwachia kipande bapa cha betri. Hii ndiyo sababu mojawapo, kwa maoni yetu, inayofanya simu ndogo za vitufe zenye betri ya kuchomoa ziendelee kununuliwa hata na wenye simu za mguso: ile kubwa ni ya picha na intaneti, ile ndogo ni ya pesa na ya dharura.

Kwa walimu wa lugha kuna kazi hapa. Mjini kwetu "kuchaji", lililopita njia ya Kiingereza, hukutana na matamshi ya sh ya wale waliolipokea kutoka Kifaransa, na mwanafunzi huyachanganya katika insha moja. "Kubadilisha betri" nako kumehama maana. Mwaka 2005 kilikuwa kitendo cha sekunde kumi kilichofanywa na mtoto. Sasa ni huduma ya fundi: kioo hupashwa joto, gundi hulainishwa, kadi ya plastiki hupenyezwa ukingoni, na mteja huomba Mungu skrini isipasuke. Kitenzi kingekuwa "kubadilishiwa". Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya betri ya 2023, umeagiza kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziweze kuondolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa kuna misamaha kwa masharti maalumu. Simu zitakazotengenezwa kwa ajili ya Ulaya huenda zikatufikia baadaye kama mitumba, na hapo mafundi wa Buyenzi watakuwa wa kwanza kutuambia kama mfuniko kweli umerudi.