Siri ya Mgonjwa na Maandishi ya Daktari

Wasikilizaji wetu, wazee walisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Mgonjwa hana budi kueleza yote yanayomsumbua, hata yale ya aibu, ili apate dawa. Lakini ni nani atakayesema ya moyoni mwake, ikiwa achelea kwamba jioni maneno yake yatazungumzwa sokoni? Leo twataka kueleza jinsi siri ya mgonjwa ilivyolindwa tangu kale, na jinsi mgonjwa mwenyewe alivyonyimwa kwa muda mrefu maandishi ya habari zake.

Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, katika nchi ya Wayunani, kilikuwako kiapo cha waganga kinachoitwa kwa jina la Hippocrates, mganga wa kisiwa cha Kos. Aliyekula kiapo hicho aliahidi kwamba lolote atakaloliona au kulisikia katika maisha ya watu, lisilopasa kutangazwa, atalinyamazia. Ahadi hiyo ilirithiwa na madaktari wa Ulaya.

Hata hivyo kiapo hakikuweza kushinda baraza la hukumu. Mwaka 1776 bibi mmoja mkubwa wa Uingereza, Duchess wa Kingston, alishtakiwa kwa kuolewa na mume wa pili hali mume wa kwanza yu hai. Daktari wake wa upasuaji, Caesar Hawkins, aliitwa kushuhudia. Akauliza kama imempasa kutoa siri aliyoijua kwa ajili ya kazi yake. Hakimu mkuu, Lord Mansfield, akajibu kwamba daktari atoaye siri kwa hiari yake avunja heshima, lakini akiulizwa mbele ya sheria hana ruhusa ya kunyamaza. Hawkins akasema aliyoyajua, na bibi yule akaonekana ana hatia.

Mwaka 1803 Thomas Percival, daktari wa Manchester, alitoa kitabu cha adabu za waganga. Humo aliagiza kwamba katika vyumba vikubwa vya hospitali wagonjwa waulizwe kwa sauti ya chini, wenzao wa vitanda vya karibu wasisikie. Agizo hili ni dogo, lakini lamstahi maskini sawasawa na tajiri.

Siku zile mengi ya siri yalikaa kichwani mwa daktari. Baadaye yakaja maandishi. Kwa sheria ya mwaka 1911, iliyoletwa na Waziri wa Fedha David Lloyd George, wafanyakazi wengi wa Uingereza walikatiwa bima ya matibabu. Maandishi ya madaktari wao yakaja kutiwa katika bahasha ndogo zilizopewa jina la waziri huyo. Tarehe 5 Julai 1948 serikali ilianza matibabu ya watu wote, na bahasha ikamfuata mtu kila alipohama kutoka kwa daktari mmoja kwenda kwa mwingine.

Lakini hapa pana jambo la ajabu. Daktari aliisoma bahasha, na karani aliishika. Mwenyewe hakuwa na haki ya kuifungua. Walikuwako madaktari waliosema kwamba mgonjwa ataingiwa na hofu, au hatafahamu, au kwamba wao wenyewe hawataandika kwa uwazi wakijua atasoma. Tufikiri basi habari ya mtu aliyeandikiwa kwa makosa ugonjwa asio nao. Kosa hilo litamfuata kila aendako, naye hawezi kulisahihisha, kwa kuwa hajui kwamba lipo.

Sheria ya mwaka 1990 ilifungua mlango huo. Tangu tarehe 1 Novemba 1991 mgonjwa wa Uingereza aliweza kudai kuyaona maandishi ya karatasi yaliyoandikwa tangu siku hiyo, na kuomba makosa yasahihishwe. Daktari aliruhusiwa kuzuia sehemu ambayo ingeleta madhara makubwa kwa afya ya mgonjwa au ya mtu mwingine. Sheria ya mwaka 1998 ikaongeza yale ya zamani, na kwa sheria ya mwaka 2018 mtu hupewa nakala, kwa kawaida bila malipo na katika muda wa mwezi mmoja.

Hata kwetu Afrika ya Mashariki jambo hili si geni tena. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Na habari za afya zimo katika zile zinazotakiwa kulindwa zaidi.

Basi, ndugu zetu, tusione haya kuuliza kwa adabu yaliyoandikwa juu yetu. Na wale wafanyao kazi katika zahanati wakumbuke agizo la Percival, wasilitaje ugonjwa wa mtu kwa sauti kuu mbele ya foleni. Daktari ni mtunzaji wa siri. Mwenye siri ni mgonjwa.