Dawa ya Kopo, Dawa ya Boksi

Wahenga walisema, ukitaka uzuri sharti udhurike. Anayetaka kuiona methali hii ikitembea kwa miguu aje Pasua, hapa Moshi, Jumamosi yoyote mchana, aingie saluni ya chumba kimoja yenye pazia mlangoni. Atamkuta binti amekaa kwenye stuli, taulo shingoni, amepakwa mafuta ya mgando kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. Msusi amesimama nyuma yake ameshika kitana chenye mkia.

"Mdogo wangu, ya kopo au ya boksi?"

"Dada, yoyote tu isiyounguza."

"Isiyounguza haipo. Ipo inayochelewa kuunguza."

Maneno haya niliyasikia kwa masikio yangu, nikacheka. Baadaye nilipokaa na kuyachunguza, kicheko kikaisha. Ya kopo ni ile dawa ya kulainisha nywele yenye kostiki soda, ambayo msusi huchota kwenye kopo kubwa. Ya boksi ni ile ya kuchanganya, iliyoandikwa kwa herufi kubwa *No Lye*, yaani haina kostiki. Wengine wetu, kwa Kiingereza chetu cha Fomu Foo, tulisoma *No Lie*, tukadhani boksi linatuapia kwamba halisemi uongo! Swali langu ni hili: je, binti yule alikuwa na vitu viwili vya kuchagua, au kitu kimoja chenye majina mawili?

Tuanzie jikoni. Mama akitaka maharage au makande yaive upesi, hutia magadi kidogo. Magadi hulegeza ganda la nje, punje ikalainika. Fundi sabuni naye hutumia kostiki soda, iliyo kali zaidi. Na Moshi ni mji unaoijua kazi ya ngozi. Viatu vya Gereza la Karanga vinajulikana nchi nzima. Muulize fundi wa ngozi zile nywele za ng'ombe hutolewaje kabla ngozi haijawa kiatu. Kwa desturi ya kazi hiyo tangu zamani, ngozi hulowekwa kwenye maji ya chokaa mpaka nywele zilegee zing'oke.

Magadi, kostiki na chokaa ni ndugu wa ukoo mmoja, ukoo wa alikali. Unywele wetu umejikunja na kushikamana kwa vifungo vidogo vya salfa vilivyomo ndani yake. Alikali kali huuvimbisha unywele, huupenya, huvikata vifungo vile, na unywele ukanyooka moja kwa moja. Kinachoota baadaye ndicho hurudi na asili yake. Siri ya dawa ya nywele ni hiyo tu, wala si uchawi.

Kuna jambo moja zaidi la kushika, maana tutalihitaji mbele. Zamani kostiki ilitengenezwa kwa kuchanganya maji ya magadi na chokaa. Chokaa hugeuka chaki, chaki huzama chini, na juu hubaki kostiki. Yaani vitu viwili vya upole kiasi vikikutana, huzaa mtoto mkali kuliko wazazi wake.

Sasa tuvuke bahari, maana dawa hii haikuzaliwa Kilimanjaro. Kule Cleveland, Marekani, aliishi fundi mweusi aliyeitwa Garrett Morgan. Inasimuliwa kwamba mnamo 1909 alikuwa akitafuta majimaji ya kuzuia sindano ya cherehani isiunguze kitambaa cha sufu. Akafutia mikono kwenye kitambaa, na aliporudi akakuta vinyweleo vyake vimelala. Akajaribu kwa mbwa, kisha kichwani mwake mwenyewe. Mwaka 1913 akafungua kampuni ya kuuza dawa ya kunyoosha nywele.

Waliofuata kuungua sana walikuwa wanaume, ingawa wengi wetu hatulijui hilo. Aliyelieleza vizuri ni Malcolm X. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1965, anakumbuka ujana wake kule Boston, rafiki yake alipompaka mchanganyiko wa kostiki, mayai na viazi, kichwa kikawaka moto. Baadaye anajilaumu kwa kuyavumilia maumivu yale ili tu nywele zake zifanane na za mzungu. Huyu si mgeni kwetu. Oktoba 1964 alifika Dar es Salaam akaonana na Mwalimu Nyerere.

Biashara yenyewe ilikuzwa na George Johnson wa Chicago. Mwaka 1954 alianzisha kampuni kwa mkopo wa dola 250, akaanza na dawa ya wanaume, kisha akaleta Ultra Sheen kwa ajili ya wanawake. Mwaka 1971 kampuni hiyo ikawa ya kwanza ya watu weusi kuingia kwenye soko la hisa la American Stock Exchange. Kwa hiyo tusiseme kwa haraka kwamba dawa ya nywele ni njama ya wazungu peke yao. Ilikuwa pia ajira na fahari ya watu weusi, na hapo ndipo historia inapokuwa ngumu.

Huku kwetu, miaka hiyo hiyo, mjadala ulikuwa mkali kuliko dawa yenyewe. Waliotaka nywele zilale walitumia kitana cha moto: chuma jikoni, mafuta kichwani, moshi juu. Mwaka 1966 Okot p'Bitek wa Uganda alitoa *Song of Lawino*, ambamo sehemu nzima Lawino anazitetea nywele za kwao na kuwacheka wanaozichoma zao kwa chuma. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana marufuku. Kichwa cha mwanamke kikawa suala la siasa. Na kama kawaida, waliopiga kelele zaidi juu ya kichwa hicho hawakuwa wenye kukibeba.

Turudi Marekani kidogo, maana boksi letu linazaliwa sasa. Mwaka 1975 tume ya serikali ya kule inayosimamia biashara ilimbana Johnson. Ikamtaka aonye wazi kwamba dawa yake ina kostiki na inaweza kuunguza ngozi na kudhuru macho. Kampuni ya Revlon, iliyouza dawa ya namna hiyo hiyo, ilibanwa karibu miaka miwili baadaye. Katika muda huo mteja aliona onyo kwenye kopo moja, la pili likiwa kimya. Unadhani alichukua lipi? Neno kostiki likawa sumu sokoni. Hivyo mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 yakaja maboksi yenye sifa mpya: haina kostiki. Carson, kampuni ya Dark and Lovely, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo.

Fungua boksi hilo uone. Ndani mna krimu yenye kalsiamu haidroksaidi, ambayo ndiyo chokaa ya fundi ngozi. Pembeni mna kichupa cha majimaji ya gwanidini kaboneti. Unamimina, unakoroga. Chokaa inageuka chaki, na kinachozaliwa ni gwanidini haidroksaidi, alikali kali. Umeikumbuka ile hesabu ya magadi na chokaa? Ni ile ile, ila safari hii inapikwa kwenye bakuli la plastiki, Pasua, dakika chache kabla ya kupakwa. Kwenye kipimo cha pH, ambapo maji safi ni 7, dawa zote mbili huwa 12 au zaidi. Boksi halikusema uongo kwamba halina kostiki. Lilinyamaza tu kuhusu kilichokaa mahali pake.

Dawa hizi zilitufikia kwa mlango wa nyuma. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, Jumuiya ikavunjika, na baadaye maduka yakawa na rafu tupu. Sisi wa Kilimanjaro tulikuwa na Himo, na ng'ambo yake Taveta, na njia za porini ambazo wazee wanazikumbuka mpaka leo wakitabasamu. Novemba 1983 mpaka ulifunguliwa, na 1984 wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Hapo ndipo vipodozi vikamwagika. Ikatamba kalikiti, zile nywele za mawimbi zenye kuchuruzika mafuta, ambazo jina lake linatukumbusha Curly Kit, boksi lililotolewa Marekani mwaka 1980 na Comer Cottrell. Kalikiti ni kemia nyingine kabisa. Mwenye nywele za kalikiti akipaka juu yake dawa ya kopo au ya boksi, nywele hukatika. Masistaduu kadhaa walilijua hilo wakati kitana kimeshajaa.

Lakini kwa nini tulizipenda? Hapa sikubaliani sana na Malcolm wala Lawino. Binti wa Pasua aliyesoma shule ya serikali, nywele zake zilikuwa mali ya mwalimu wa zamu. Miaka na miaka kichwa kinapigwa mkasi, zikizidi kidogo adhabu. Siku anayomaliza Fomu Foo anaacha ziote, na akipata hela ya kwanza anakwenda kuweka dawa. Hafikirii Ulaya. Anafikiria kwamba kuanzia leo kichwa hiki ni changu. Anayemhubiria juu ya utumwa wa mawazo ajiulize kwanza ni nani aliyemshikia mkasi. Ni jambo la kusikitisha, lakini uhuru wake wa kwanza unakuja umeshikwa na alikali.

Basi achague ipi? Tusidanganyane. Ya kopo hunyoosha upesi, husafishika kwa urahisi na huacha nywele laini, lakini huunguza ngozi mapema mkono ukichelewa. Ya boksi huchelewa kidogo kuwasha, kwa hiyo humfaa zaidi mwenye ngozi nyepesi ya kichwa. Ila ile chaki hung'ang'ania kwenye nywele, zikakauka na kufifia, na mwenyewe akadhani anahitaji dawa tena. Zote mbili zinataka yale yale: usijikune wala kuosha kichwa siku ya kuweka dawa, usipake penye kidonda, paka nywele mpya tu zilizoota, oga shampuu ya kutoa dawa mpaka iishe kweli, na heshimu saa. Wengi huungua kwa sababu ya umbea, wala si aina ya dawa. Msusi anasimulia, dakika zinakwenda.

Na siku hizi kuna la zaidi ya vidonda. Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Walikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, 1.64 wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kabla ya kutimiza miaka 70. Kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, idadi ilikuwa 4.05. Utafiti huu haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na hatari yenyewe bado ni ndogo. Lakini haukutenganisha kopo na boksi pia. Swali la msusi wetu, ambalo tangu 1975 limetushughulisha sana, halikuwamo kabisa kwenye hesabu. Kilichohesabiwa ni mara ngapi.

Hapa Moshi hatuna kisingizio cha kutokujua. KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na waganga hutoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma pale. Wanapanda ndege kuja kujifunza juu ya ngozi, sisi tuliopo mwendo wa daladala tunapaka dawa ya meno kwenye kidonda.

Narudi saluni. Wakati binti anawaza, niliitazama mikono ya msusi. Kucha zimeliwa pembeni, ngozi ya vidole imepauka na kupasuka kama udongo wa Desemba. Glovu hakuwa nazo. Mteja hukutana na dawa mara chache kwa mwaka. Yeye hukutana nayo kila siku, ya kopo na ya boksi. Katika makelele yote ya Lawino, ya TANU, ya Johnson na ya Revlon, sikumbuki mtu aliyeuliza juu ya mikono hii.

"Na wewe, dada, unatumia ipi?" nikamwuliza.

Akacheka, akavua kilemba. Mabutu, manne, yamesukwa kwa uzi mweusi.

"Wanasema kinyozi hajinyoi," akasema. "Mimi nasukwa na mama."

Binti akachagua ya boksi. Msusi akakoroga, akapima kwa jicho, akachota kwa kitana. Kabla hajapaka, akamwambia mtoto aliyekaa mlangoni azime redio, halafu akageuka kuitazama saa ya ukutani.