Kihisi cha induktansi

Kihisi cha induktansi ni kifaa kinachogeuza msogeo wa mstari nyoofu kuwa ishara ya umeme. Aina iliyoenea ina koili tatu kwenye neli moja: ya kati hulishwa mkondo geu, za pembeni huunganishwa kwa kupingana, na kiini cha chuma huteleza ndani bila kuzigusa. Kiini kikiwa katikati, volteji mbili zinazozalishwa katika koili za pembeni hufutana. Kikisogea, tofauti hukua sawia na umbali.

Katika turbini za Francis, aina iliyofungwa katika kituo cha umeme wa maji cha Mtera (megawati 80, tangu 1988) mpakani mwa Iringa na Dodoma, pistoni za mafuta hufungua milango ya maji, na kidhibiti mwendo lazima kijue zimefika wapi. Hapo ndipo kihisi hiki hufaa, kwani hakiliki kwa msuguano.

Katika usanifu, joto ndilo gumu zaidi. Ukinzani wa shaba hupanda takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa hiyo kifaa kilichosawazishwa katika baridi ya Julai ya Mbeya kitapotoka ndani ya jumba la mitambo lenye joto, isipokuwa msanifu agawanye tofauti ya volteji mbili za koili za pembeni kwa jumla yake, ili athari ya joto ijifute.