Nani ameshika funguo za kompyuta ya duka lako? Funzo kutoka Kisumu

Dada yangu aliolewa Kaloleni, Kisumu, na kila nikipata likizo hupanda basi kwenda kuwajulia hali. Mumewe ana duka la vifaa vya uvuvi karibu na soko la Kibuye: nyavu, kamba, maboya, rangi ya boti, spea za mashine na taa za kuvulia omena. Wateja wake hutoka Dunga, Usenge, hata Mbita ng'ambo ya Ghuba ya Winam. Wengi huchukua kwa mkopo, maana kila Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, na mvuvi hana cha kulipa mpaka ziwa lifunguliwe.

Zamani shemeji aliandika madeni hayo kwenye daftari. Kisha kijana mmoja akamwekea kompyuta na programu ya mauzo, daftari likawekwa kabatini likasahaulika. Mwaka jana, siku chache kabla ziwa kufunguliwa, nilikuwa kwake alipowasha kompyuta asubuhi. Badala ya majina ya wateja alikuta ujumbe wa Kiingereza: faili zake zote zimefungwa, na akitaka zifunguliwe alipe kikombozi kwa sarafu ya kidijitali. Diski ya akiba ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta hiyo hiyo usiku na mchana, nayo ikafungwa pamoja. Jioni iliyotangulia msaidizi wake alikuwa amefungua barua pepe iliyojidai kuleta ankara ya mzigo.

"Shemeji, wewe umesoma, niangalizie," akaniambia. Mimi nina diploma ya biashara tu. Sikuwa na la kumfaa. Tukamtafuta yule kijana. Alikuwa ameshakwenda Qatar kutafuta riziki, na nywila kuu za mitambo yote alikuwa nazo yeye kichwani.

Nimekaa na jambo hili, nikauliza mafundi, nikasoma sheria. Naliandika kwa wasomaji wa Pwani kwa sababu maduka yetu ya Mombasa, Malindi na Lamu yamekaa vivyo hivyo: kompyuta moja, fundi wa kuitwa, na mwenye duka asiyejua funguo ziko wapi.

Fundi wa kuitwa na fundi wa mkataba

Wengi wetu tumezoea fundi wa kuitwa. Kitu kikiharibika tunampigia, anakuja, analipwa, anaondoka. Njia hii inafaa kwa printa iliyokwama karatasi. Haifai kwa wezi wa mtandaoni, kwa sababu fundi akifika, wizi umeshapita.

Njia ya pili ni mkataba wa mwezi. Unamlipa fundi au kampuni kiasi maalumu kila mwezi, kitu kiharibike kisiharibike, na kazi yake kubwa ni kuzuia. Mabaharia wetu wanalijua hili bila kufundishwa: chombo hukalafatiwa kikiwa nchi kavu, kabla ya msimu. Anayengoja maji yaingie ndipo atafute pamba na mafuta, huyo atayachota maji kwa ndoo.

Malipo ya mkataba kwa kawaida huhesabiwa kwa idadi ya kompyuta au ya watu wanaozitumia. Duka lenye kompyuta moja halina haja ya kuajiri mtu. Maduka manne ya mtaa mmoja yanaweza kumchukua fundi mmoja, kila moja kwa mkataba wake. Kisumu watu wa kazi hiyo wapo: Chuo Kikuu cha Maseno na Kisumu National Polytechnic hutoa vijana kila mwaka. Mombasa nako hawakosekani.

Mambo sita ya kuandikwa

Mkataba wa mdomo haufai hapa, hata kama fundi ni mtoto wa jirani. Na yaandikwe haya.

Kwanza, orodha ya vifaa vyote: kompyuta, simu za kazi, ruta, printa, na programu zilizomo. Kisichoandikwa hakilindwi.

Pili, visasisho. Programu hutobolewa matundu kila siku, na watengenezaji hutoa viraka vya kuyaziba. Fundi aseme kila baada ya siku ngapi ataviweka. Windows 10, ambayo bado iko kwenye kompyuta nyingi za maduka, iliacha kupewa msaada wa kawaida na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Na programu za kuibwa, zile zinazouzwa kwa bei ya chai, mara nyingi huja na mgeni ndani.

Tatu, nakala za akiba. Kanuni ya mafundi ni tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na duka. Muhimu zaidi, moja isiwe imeunganishwa na kompyuta. Kosa la shemeji lilikuwa hapo. Tena fundi azijaribu kila mwezi kwa kurudisha faili chache mbele yako. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Nne, mlango wa mtandao. Nywila iliyokuja na ruta kiwandani ibadilishwe. Wateja wakipewa wifi, iwe mbali na ile ya kompyuta ya mauzo.

Tano, umeme. Kisumu mvua ya jioni huja na radi kutoka ziwani, na stima hupotea ghafla. UPS ndogo humpa mtu dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Sita, muda wa kuitikia. Ukipiga simu Jumamosi saa tano asubuhi, atakujibu baada ya saa ngapi? Iandikwe, pamoja na kitakachofanyika asipotimiza.

Funguo zibaki kwa mwenyewe

Sasa nije kwenye lile lililomuumiza shemeji kuliko kirusi chenyewe. Hata bila wezi, siku yule kijana alipopanda ndege, duka lilikuwa limeshafungwa. Ni vile mwenyewe hakujua. Barua pepe ya biashara ilisajiliwa kwa nambari ya simu ya kijana. Programu ya mauzo ilikuwa kwa jina lake. Nywila ya ruta hakuna aliyeijua.

Simlaumu kwa uovu, hakuiba hata senti. Lakini mwenye nyumba hamwachii fundi seremala ufunguo pekee wa mlango. Kila akaunti iandikishwe kwa jina la mwenye duka, na nambari ya simu ya mwenye duka. Fundi apewe akaunti yake mwenyewe ya kufanyia kazi, inayoweza kufungwa siku akiondoka. Nywila kuu ziandikwe kwenye karatasi, zitiwe bahasha, zikae nyumbani pamoja na hati za kiwanja. Barua pepe na benki ziwekewe uthibitisho wa hatua mbili, ili mwizi akipata nywila bado akwame mlangoni. Na mkataba useme siku utakapokwisha, fundi akabidhi nini, kwa muda gani, bila kudai malipo ya ziada.

Fundi anayekasirika ukimwambia haya, bora umjue mapema.

Simu nayo ni duka

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, droo ya pesa ya mfanyabiashara wa Kenya imehamia kwenye simu. Fundi wa kompyuta hawezi kuilinda peke yake, kwa hiyo haya ni ya kila mmoja.

Mteja akikuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, usiuamini. Tazama simu yako ya tili, uone pesa zimeingia, ndipo utoe mzigo. PIN haisemwi kwa mtu yeyote anayepiga, hata akijua jina lako la tatu. Safaricom hutangaza kwamba huwapigia wateja kwa nambari 0722 000 000 pekee, na hata hiyo haikuulizi PIN. Ukibonyeza *100*100# unaweka kizuizi laini yako isibadilishwe na mtu mwingine kwa mbali. Ujumbe wa matapeli utume kwa 333. Ukikosea kutuma pesa, ule ujumbe wa M-Pesa upeleke 456 mara moja.

Na msaidizi wa duka apewe nywila yake. Kama wote mnatumia moja, kosa likitokea hamtajua ni la nani, na lawama itamwangukia asiyehusika.

Sheria inasema nini

Wengi hudhani sheria hizi ni za mabenki. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamgusa kila anayehifadhi majina na nambari za simu za watu. Duka lenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 halilazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Kulinda Data. Lakini zahanati, shule, hoteli na wanaotoa huduma za fedha wanalazimika hata wakiwa wadogo. Na kutosajiliwa hakukuondolei wajibu wa kulinda ulichokabidhiwa.

Sheria hiyo inataka mkataba wa maandishi kati yako na anayekushughulikia data, yaani fundi wako. Akigundua data imevuja anatakiwa akujulishe bila kukawia, ndani ya saa 48 ikiwezekana. Nawe, pakiwa na hatari ya kweli kwa wenye data hiyo, unatakiwa umjulishe Kamishna ndani ya saa 72. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, shambulio la kompyuta huripotiwa ndani ya saa 24 kwa kamati ya taifa inayoshughulikia uhalifu huo.

Asidhani mtu ni maneno ya karatasini. Septemba 2023 Kamishna alizitoza faini taasisi tatu kwa mpigo: kampuni ya mikopo ya simu, shule moja, na kilabu kimoja cha burudani cha Nairobi kilichochapisha picha ya mteja bila idhini yake. Shule ilitozwa zaidi ya shilingi milioni 4.5.

Ukishapigwa

Usilie kwanza, toa waya wa intaneti na uzime wifi, ili kirusi kisihamie kompyuta nyingine. Usifute kitu. Piga picha ya kioo kwa simu. Badilisha nywila za benki na barua pepe kwa kutumia kifaa kingine. Piga ripoti polisi, uchukue nambari ya OB. Na kituo cha taifa cha KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, hupokea ripoti za mashambulizi.

Kikombozi usikimbilie kulipa. Mwizi hana mkataba na wewe. Wapo waliolipa na wasifunguliwe. Upo mradi uitwao No More Ransom, ulioanzishwa 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta, unaotoa bure funguo za baadhi ya virusi hivi. Tuliupitia na shemeji. Kirusi chake hakikuwa na ufunguo.

Wala usione haya. Julai 2023 tovuti ya serikali ya eCitizen ilishambuliwa, huduma zikakwama siku kadhaa. Ikiwa serikali hupigwa, muuza nyavu asijifiche kwa aibu. Anayejificha ndiye hupigwa mara ya pili.

Yaliyobaki

Shemeji hakulipa. Alitoa lile daftari la zamani kabatini, likamrudishia sehemu ndogo ya hesabu. Yaliyokuwa kwenye kompyuta peke yake yalipotea. Ziwa lilipofunguliwa Agosti, wenye boti wakaanza kuja dukani. Wengine walisema wenyewe, "Mzee, nilichukua nyavu mbili na kamba, nakudai msamaha nimechelewa," wakahesabu pesa mezani. Wengine walipita barabarani wakitazama upande wa pili. Hana ushahidi, na hawezi kuwashtaki.

Dini yetu imetuhimiza kuandika madeni, na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Al-Baqara, inazungumzia hilo. Shemeji aliandika. Kilichomponza ni kutojua maandishi yamekaa wapi na nani anayafikia.

Sasa ana fundi wa mkataba, binti aliyesomea hapo hapo Kisumu, na mkataba wenyewe ni kurasa mbili. Kila Ijumaa, kabla hajafunga duka kwenda msikitini, anachomeka diski, anangoja nakala imalizike, anaichomoa, anaitia mfuko wa kanzu na kwenda nayo nyumbani. Mwezi uliopita nilimuuliza kwa simu kama bado anafanya.

"Shemeji," akanijibu, "hii diski sasa naijua ilipo kuliko miwani yangu."